Beti Sita Bila Neno

Alikuwa hachori. Hilo nataka lieleweke kabla sijasema lingine lolote. Wiki ya mazishi yake, wanawe waliniletea maneno ya kijitabu niwachapie pale dukani kwangu River Road, na chini ya picha yake akiwa amevaa tai wameandika: "Uzeeni alipenda sana kuchora." Nikawaambia, jamani, Mwalimu hakuchora hata siku moja, wekeni "kuandika". Kifungua mimba wake, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Aliandika nini, dada?" Kuna maswali ukiulizwa mbele ya mashine inayonguruma na wateja wanaosubiri kadi zao huwezi kuyajibu. Basi ikachapwa vivyo hivyo, kuchora, na kila nakala iliyonipita mkononi niliitukana kimoyomoyo.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, alibatizwa na nani, yote yamo kwenye kijitabu hicho na mimi simo. Mimi namjua mwalimu wa Kiswahili wa shule ya kutwa kule Mutuini, mtu wa koti la kahawia lililojaa vumbi la chaki mfukoni, aliyetufundisha ushairi kama askari anayefundisha gwaride. Mizani nane, kipumuo katikati, mizani nane. Ukimletea mshororo wenye tisa hakusoma hata maana yake. Alikuwa anagonga meza kwa vidole, moja moja, akifika cha tisa anasimama na kukuangalia. "Punguza, au toka nje ukapunguzie huko." Tulitoka. Ukipita ukumbini wakati wa kipindi chake ungekuta watoto wamejipanga ukutani wanajihesabia vidole na kunung'unika.

Na hakuacha darasani. Alihesabu salamu. Ukimwambia "Habari yako Mwalimu" uso unamfunguka, kwa sababu ni nane kamili, hata kama wewe hukujua. Vijana wa steji ya matatu wakimpigia kelele "Niaje Mwalimu!" alikuwa anawajibu bila kugeuka, "Zimepungua mbili." Walidhani anazungumzia pesa. Mpaka leo nikisalimiwa na mteja vidole vyangu vinatembea wenyewe kwenye kaunta, na hilo ni deni lake kwangu, maana linanichosha.

Alikuwa na maneno yake. "Neno likikupendeza sana, lifute." Alisema hivyo kila muhula na sisi tukafuta mistari yetu mizuri yote, tukabaki na mistari yenye hesabu sahihi na isiyosema kitu. Alikuwa pia akisema kwamba shairi ni pumzi, kwamba mtu anaweza kulisikia toka chumba cha pili asikamate hata neno moja na bado akajua kwamba hilo ni shairi. Tulimcheka. Mwalimu, ati shairi bila maneno! Tukasema labda ni chaki imeingia kichwani.

Sasa nifike kwa mkewe, na hapa sitamficha mtu.

Mama alikuja Nairobi kutoka Ukambani akiwa na Kiswahili chake cha sokoni, na cha sokoni ndicho kinachoongelewa hapa na kila mtu, kuanzia kondakta mpaka mheshimiwa. Kitu yangu, watu ingine, hii mtoto. Kwa mume mwingine yeyote ingekuwa sawa tu. Lakini yeye alimwoa Mwalimu. Nilienda kwao mara nyingi nikiwa mwanafunzi, kupeleka madaftari, na nikaona kwa macho yangu. Mama anaweka chai, anasema, "Kunyweni, kitu yangu ya leo ni hii tu." Na Mwalimu, bila kuinua macho kwenye gazeti: "Kitu changu." Mbele yetu, watoto wa watu. Mama anasema "Haya" na kurudi jikoni. Miaka ikaenda hivyo. Kufikia wakati nimemaliza shule, nikaajiriwa, nikafungua duka langu, Mama alikuwa amebaki na maneno mawili mbele ya wageni: "karibu" na "haya". Jikoni kwake na majirani alikuwa anaongea hadi sufuria inaungua, anacheka hadi anashika mbavu. Mlango wa sebuleni ukifunguka, kimya.

Na hakujua kusoma. Mwalimu amefundisha nusu ya Dagoretti kusoma, na mkewe aliweka dole gumba kwenye karatasi za shule za watoto wake mwenyewe. Nilishawahi kumuuliza, nikiwa mtu mzima tayari na nina mdomo. Mwalimu, kwani Mama hukumfundisha kwa nini? Akanijibu haraka, jibu alilokuwa nalo tayari: "Nilijaribu wiki moja. Sikuwa na subira." Wiki moja! Mtu aliyekaa na mimi muhula mzima kwa sababu ya kina kimoja cha kati. Siku hiyo nilimchukia, na sijui kama chuki hiyo imeisha yote.

Mwalimu alipostaafu, Mama alikuwa ameanza kuugua sukari, miguu imevimba, anashinda kwenye kiti karibu na dirisha. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuja dukani kwangu. Hakuja kuchapisha. Alitaka mabaki, zile ncha za roli za karatasi zinazobaki mashine ikimaliza kazi, nyembamba na ndefu, ambazo mimi huuza kwa wauza nyama. "Binti, una mabaki?" Nikawa namwekea. Nilidhani anafungia mayai, kwa sababu walikuwa na kuku.

Halafu siku moja nikaenda kumwona Mama, nimebeba mkate na sukari, nikakumbuka mlangoni kwamba sukari si ya kumletea mgonjwa wa sukari, nikaificha kwenye mkoba. Nikaikuta karatasi yangu imelala juu ya meza, imetandazwa mpaka inaning'inia, na Mwalimu ameinama juu yake na kalamu ya nibu na chupa ya wino mweusi.

Nikatazama. Haikuwa Kiswahili. Haikuwa Kikamba, wala Kiarabu, wala Kihindi kama kile cha kadi za harusi ninazochapa. Ilikuwa mikwaju, alama tupu za kalamu. Mmoja umesimama, mmoja umelala, mmoja una tumbo, mmoja una mkia. Nikaanza kusema "Mwalimu, hii ni nini," kabla sijamaliza vidole vyangu vikawa vishaanza kuhesabu. Mikwaju minane. Nafasi. Mikwaju minane. Chini yake tena minane, nafasi, minane. Mwisho wa kila kipande cha kwanza kuna ndoana ile ile, mwisho wa kila cha pili kuna kitanzi kile kile. Mistari minne, halafu nafasi kubwa, halafu minne mingine, na mstari wa nne ni ule ule haubadiliki, chini mpaka chini. Beti sita. Zina vina, zina mizani, zina kibwagizo, na hakuna neno hata moja.

"Inasema nini, Mwalimu?"

"Mimi unaniulizia nini? Muulize msomaji."

Na msomaji alikuwa Mama. Akasogezewa karatasi magotini. Akaweka kidole kwenye mkwaju wa kwanza na akaanza kusoma, kwa sauti, mbele yangu mimi mgeni, sebuleni. Hakuwa anabahatisha. Kidole kilitembea mkwaju kwa mkwaju, sauti ikikifuata, na kilipofika kwenye ile nafasi ya katikati alivuta pumzi. Alisoma mambo ya nyumba ya kwao, ya mtoto aliyemzika, ya mvua, na nadhani pia ya jirani mmoja mchawi, maana alicheka. Mahali fulani nikasikia "kitu yangu". Nikamtazama Mwalimu. Ameuma mdomo wa chini, macho sakafuni. Mizani ilikuwa imetimia.

Mimi mjinga, nilikuwa nimeduwaa hivi kwamba maneno yenyewe ya beti yalinipita. Nilikamata kibwagizo peke yake, kwa sababu kilirudi mara sita na kila mara aligonga mkono wa kiti akikisema: *Leo nasema na mimi, nyamaza unisikie.* Kihesabuni wenyewe. Nane, nane.

Nikaelewa, na nyinyi sasa mnaelewa. Aliandika kitu ambacho hata yeye mwenyewe hangeweza kukisoma, ili kwenye nyumba ile kwa mara ya kwanza asiwe yeye ndiye anayejua kusoma. Kama ni msamaha alikuwa anaomba, aliuomba kwa njia ngumu na amechelewa vibaya sana. Lakini kila jioni Mama alisoma, na yeye alinyamaza. Kikombe cha chai kilimwagikia ubeti wa sita, likabaki doa la kahawia kwenye pembe. Hawakubadilisha karatasi.

Mama akafa wakati wa baridi.

Kuanzia hapo Mwalimu alitaka kitu kimoja tu duniani, na aliniambia waziwazi dukani kwangu, kofia mkononi. Alitaka shairi lile likae zima, mahali palipo na watu, wasimame mbele yake wanyamaze. Basi. Hakutaka jina lake lijulikane.

Akaanza na wenzake, chama cha washairi waliokuwa wakikutana mjini kwenye ukumbi wa kanisa. Nilimsindikiza. Tukaitandaza karatasi kwenye meza mbili. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani ya dhahabu, akaipitia toka juu mpaka chini na kuuliza swali lile lile, inasema nini. Mwalimu akasema msomaji wake amefariki. Vicheko! Mmoja akauliza kama ni mjukuu aliyechezea wino. Mwalimu akawaambia wahesabu. Hesabuni mizani, tafuteni vina, nionyesheni kosa. Hakuna aliyehesabu. "Mwalimu," mwenyekiti akamwambia, na alidhani anamfariji, "hii ni sanaa nzuri. Wapelekee watu wa picha."

Akawapelekea. Dada mmoja mwenye nyumba ya sanaa upande wa Kitisuru, msichana mwerevu, bangili hadi kwenye kiwiko, aliipenda hata kabla haijafunguliwa yote. Hakuuliza inasema nini. Hilo lilimfurahisha Mwalimu, maskini. Akamuuliza tu, "Mtaiweka yote?" Na yule dada akasema, "Yote, Mwalimu, hatuachi kitu." Wakapeana mikono. Nilikuwapo, na hata mimi niliamini.

Siku ya kufungua maonyesho alivaa ile tai ya kwenye kijitabu. Tukaingia ndani, ukuta mweupe, taa, watu na glasi zao. Na pale ukutani kuna fremu sita. Wameikata. Kisu kimepita kwenye nafasi kubwa zote tano, kila ubeti umewekwa kwenye fremu yake nyuma ya kioo chake. Mimi moyo ulinipasuka. Lakini yeye! Alinishika mkono, macho yanamng'aa. "Umeona, binti? Wameacha nafasi kati ya ubeti na ubeti. Hawa watu wanajua kazi." Mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya beti, fremu sita kwake zilikuwa beti sita, ubeti baada ya ubeti, hatua ya kupumua katikati. Sikuwa na roho ya kumwambia. Akasimama mbele ya ukuta ule akiwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo darasani.

Halafu yule dada akapita akibandika vidoti vyekundu, kimoja hapa, kimoja pale. Mwalimu akakunja uso. Wino mwekundu anaujua yeye. "Nani anasahihisha?"

"Hapana, Mwalimu," dada akacheka, "hiyo ni kuonyesha imepata mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kila moja na wake. Hii inaenda Lavington, hii hapa hapa jirani, hizi mbili ni za hoteli..."

"Hili ni shairi moja."

"Najua, lakini kila kipande inasimama yenyewe. Hiyo ndio uzuri yake."

Nilingoja amsahihishe. *Kila kipande kinasimama.* Hakusahihisha. Alisema tu, taratibu, kwamba ubeti hausimami, ubeti una wenzake, na yule dada akasema ndio, ndio, huku anamtazama mteja aliyeingia. Mwalimu akatafuta kiti. Aliniambia baadaye, "Wa mashairi walinikataa kwa kuwa halina maneno. Wa picha walinikubali kwa sababu hiyo hiyo. Sijui nani kanitukana zaidi." Mimi najua.

Watu walinunua beti tano. Wa sita ulirudishwa kwake umefungwa kwa nailoni. Ulikuwa na doa la chai.

Baada ya hapo nyumbani wakaamua kwamba ni mgonjwa. Kila mtu alitaka awe mgonjwa, ingekuwa rahisi kwa kila mtu. Majirani walisema ni kiharusi, kanisani wakasema ni upweke. Mwanawe akampeleka kwa daktari, kijana mstaarabu, akamuuliza tarehe ya leo na jina la rais, halafu akamuuliza, mzee, unasikia nini mwilini. Mwalimu akamjibu, vidole vikigonga goti: "Sina ugonjwa kijana, nina watu wasojua." Nane, nane. Daktari akaandika kitu, wakampa vidonge.

Nisiseme kwamba alikuwa mtu mwema. Nimechoka na vijitabu vya mazishi, navichapa mimi, najua marehemu wote walikuwa wema. Alikuwa mkali, mwenye majivuno, alimnyamazisha mwanamke mcheshi kwa sababu ya ngeli. Lakini alifanya jambo moja ambalo sijamwona mume mwingine akilifanya, na jambo hilo wakalikata kwa kisu.

Mwaka jana nilipeleka sampuli za kadi za harusi kwa mama mmoja wa Kihindi, Kitisuru, nyumba ya miti mingi na mbwa wapole. Anaozesha binti yake. Akaniketisha kwenye meza ya chakula, akaleta chai ya maziwa na vitafunio vya chevda, nikainua macho, na pale juu ya kabati la vyombo, ubeti. Peke yake. Ndoana, kitanzi, kibwagizo chini. Nikasahau kadi.

"Unapenda?" akaniuliza. "Mimi napenda sana hii. Nyumba hii kila kitu inataka kusomwa, barua, simu, bili. Hii haisemi kitu. Inapumzisha macho."

Nikamwambia inasema. Nikamwambia yote, Mwalimu, Mama, kiti cha dirishani. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia, hata machozi yalimlengalenga. "Pole sana kwake," akasema. "Sasa nitaipenda zaidi." Nikamuuliza kama angekubali irudi kwa mwenyewe. Akaweka mkono kifuani. "Dada, mimi ndiye mwenyewe." Alisema bila ubaya wowote. Akaniruhusu nipige picha kwa simu, hata akazima taa ya juu ili kioo kisimeremete.

Nikaenda moja kwa moja Mutuini. Nyumba imezungukwa na ploti za kupangisha siku hizi, jua halifiki dirishani tena. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha Mama. Nikamwamkia, "Habari yako Mwalimu," akaitikia, vidole vikagonga kidogo. Nikamwonyesha simu.

Hakuuliza nimeitoa wapi. Akaitazama, akasema, "Wa tatu."

"Umejuaje?"

Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, mstari wa pili, karibu na kipumuo. "Hapa alikuwa anacheka."

Nikauchukua ubeti wa sita nyuma ya mlango alikouweka, nikautoa kwenye nailoni, nikauweka mezani karibu na simu. Wa tatu na wa sita. Mstari wa chini wa kila mmoja ulikuwa ule ule. Nikamwambia, "Basi nisomee, Mwalimu. Hata hizi mbili tu."

"Mimi?" Alinitazama kama mtu anayetukanwa. "Mimi niliandika. Aliyekuwa anajua kusoma ni yeye."

"Lakini ulimsikia kila siku! Hukuyaweka maneno yake mahali?"

"Kwa herufi?" Akatikisa kichwa. "Ningeyasahihisha, binti. Najijua. Nikamwachia mwenyewe. Akaenda nayo."

Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani, yeye, au yule dada wa bangili, au mama wa watu na kabati lake la vyombo. Nikasema, basi angalau mimi nina kibwagizo. Akainua kichwa. Nikaweka kidole kwenye mkwaju wa kwanza wa mstari wa mwisho, kama Mama alivyofanya, nikasoma. Leo nasema na mimi, nyamaza unisikie.

Vidole vyake vilihesabu kwenye mkono wa kiti, nane, vikapumzika, nane. Akafumba macho.

"Endelea," akasema.

"Ninachojua mimi ni hicho tu, Mwalimu."

"Endelea tu, binti. Mimi nimenyamaza."

Nikabaki na kidole changu pale chini ya ubeti, kwenye doa la chai. Skrini ya simu ikazimika, nikaiwasha, ikazimika tena. Alikaa amefumba macho, mdomo ameufunga, anangoja, na mimi sikuwa na la kusoma.